Siku Nilipoulamba Mvule

Hakuna kitu chini ya jua ambacho kingeweza kunishangaza. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikisema kila mahali, na sikusema kwa kujitapa bure. Nina darasa la nne tu. Nilianza na baiskeli isiyo na breki, nikipandisha madebe mawili ya maji kutoka chini ya mteremko mpaka kule juu uwandani, nikiyauza mlango kwa mlango wakati wenzangu wenye vyeti wamekaa kusubiri barua za kazi. Ruksa ilipokuja, kila mtu akaruhusiwa kuuza na kununua, wenye vyeti wakaendelea kusubiri, mimi nikaingia kwenye korosho. Nilinunua kwa kangomba, yaani kwa bakuli, miezi ya njaa, korosho zikiwa bado maua mtini. Watu wanasema kangomba ni dhuluma. Wanasema hivyo wakiwa wameshiba. Siku walipokuwa na njaa ni mimi niliyebisha hodi nikiwa na fedha mkononi.

Kutoka kangomba nikanunua lori kuukuu la tani saba. Kutoka lori nikajenga Mkomaindo, hapa Masasi mjini, jirani na hospitali, duka mbele na vyumba vinne nyuma vya kulala watu wanaouguza. Hakuna aliyenisaidia hata msumari. Nimeona mtu akiuza bati za paa lake mvua ikiwa mawinguni. Nimeona shemasi na muuza gongo wakigawana faida juu ya meza moja. Sasa unishangaze na nini?

Kinyaa ni kitu kingine. Hicho nilikuwa sikijui bado.

Aliyenifundisha ni mwanamke mmoja wa upande wa Newala, mchoraji. Nilimwita mwenyewe, kwa miguu yangu, na hilo ndilo linaloniuma. Nilitaka ukuta wa duka langu unaotazama barabara ya hospitali uchorwe lori langu, likiwa limesheheni magogo, na mimi nimesimama kando. Mafundi wa mabango wa mjini walinitajia bei ya rangi ya mafuta, nikacheka. Mtu akaniambia, yuko mama kule uwandani anachora kwa udongo, bei ya kutupa.

Kule kwetu udongo wa rangi si jambo geni. Kila baada ya mavuno wanawake hupaka nyumba zao udongo mweupe, mwekundu na wa kijivu, nyumba ikapendeza kama khanga. Lakini huyu alikuwa amevuka mipaka. Ukuta wake haukuwa na mistari na maduara kama ya wenzake. Ulikuwa na miti yenye mizizi inayoonekana, ndege aina zote, chemchemi, na wanawake wenye ndoo vichwani wakipanda mteremko. Walimu walimpenda. Walimwita achore shuleni, halafu wanawatoa watoto nje na kuwauliza: mti huu ukikatwa, maji haya yanakwenda wapi? Watoto wanaitika kwa pamoja, halafu wanapelekwa bondeni kupanda miche. Mimi niliona ni kupoteza vipindi.

Alifika Mkomaindo asubuhi na vikapu viwili vya udongo, amevaa shati la kiume juu ya khanga. Umri wetu unalingana. Tukaulizana koo, kama ilivyo ada. Nilipotaja ukoo wa mama yangu akaweka kikapu chini.

"Kumbe mtani wangu," akasema. "Nilikuwa najiuliza sura hii nimeiona wapi. Ni kwenye viatu vya mitumba, vile vya mwisho wa mnada."

Kwa asiyejua: ukoo wa mama yangu na ukoo wa mama yake ni watani tangu zamani. Mtani anaweza kukutukana kwenye msiba wa baba yako, akakuvua kofia, akakaa kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Ukikasirika, wewe ndiye mpumbavu. Na ukipatwa na uchafu wa kimila, mtani ndiye anayekusafisha, si mwingine. Kwa hiyo nilimeza nikacheka.

Lakini kazi yake, jamani. Alitafuna makaa. Aliyatafuna kama mtu anavyotafuna muwa, akayatema kwenye kifuu, yakatoka na mate meusi mazito, akachanganya na ulimbo wa mkorosho. Hiyo ndiyo rangi yake nyeusi. Nyekundu aliikoroga na maji ya bamia zilizooza, nzi wakamfuata kutoka ukuta hadi ukuta. Brashi ni kijiti alichokitafuna ncha, na kila akitaka ncha iwe nyembamba anakirudisha kinywani, rangi na yote. Meno yake yalikuwa na rangi tatu. Mke wangu alimpelekea chai, mimi nikasema kikombe kile kisirudi ndani.

Siku ya tatu akaniita nitazame. Lori lilikuwa lori, siwezi kusema uongo. Hata taa iliyovunjika aliichora. Mimi nilikuwepo, nimenenepa vizuri. Lakini magogo yale juu ya lori yalikuwa yanatiririka maji. Maji yanachuruzika kutoka kila gogo lilipokatwa, yanamwagika barabarani, na nyuma ya lori wanawake wanakimbia na ndoo, wanakinga matone. Mmoja ameanguka. Watu waliokuwa wanapeleka uji hospitalini walisimama na masufuria yao wakacheka mpaka uji ukapoa.

"Hii ni nini?" nikamwuliza.

"Lori, mtani. Uliagiza lori, nimekuchorea lori. Maji nimekupa bure."

Nilimlipa aondoke. Jioni ile ile nikachukua ndoo ya chokaa nikaufuta ukuta mimi mwenyewe, nikaona yamekwisha.

Sasa, magogo yale hakuyatoa hewani. Mji mzima ulijua kwamba nimepata kibali cha kukata mivule kumi na mmoja iliyokuwa bondeni, chini ya mteremko upande wa Kitangari, kuzunguka chemchemi. Kijiji chenyewe sikitaji. Kibali kilikuwa halali, kina muhuri, na nililipa kila kilichotajwa na kisichotajwa. Mfanyabiashara mmoja wa mbao wa Mtwara aliahidi kununua zote, mradi zimfikie kabla ya mvua. Fedha yangu yote niliiweka humo, maana hesabu ilikuwa rahisi: mbao zikiuzwa mwezi huo, nitapata mtaji wa msimu wa korosho unaofunguliwa. Zisipouzwa, msimu utanipita, na mtu wa kangomba akipitwa na msimu mmoja anarudi kwenye baiskeli. Ndivyo ilivyokuwa. Mivule kumi na mmoja au baiskeli.

Nilishuka na vijana wanane, misumeno na mashoka. Tulifika jua limeanza kuchoma. Nikaona mivule ni myeupe.

Kila mti, kutoka kwenye mizizi hadi kifuani, ulikuwa umepakwa weupe, na kwenye weupe ule amechorwa mwanamke mwenye ndoo, mmoja kila mti, wote wanatazama upande tunaotokea. Na chini, kwenye makunyanzi ya mizizi, kulikuwa na vumbi jeupe limelundikana.

Mnyapara wangu, mtu mzima aliyekata miti tangu sijapata baiskeli, akaweka shoka chini taratibu.

"Tajiri, hapa pamewekwa unga."

"Udongo huo. Ni yule kichaa wa kuchora."

"Juu udongo, sawa. Huku chini ni unga."

Mti uliowekewa unga wa tambiko haukatwi. Anayeukata anajikatia mwenyewe, na hakuna mtu wa kwetu, awe wa msikiti au wa kanisa, atakayeinua shoka hapo mpaka wenye unga waje wauombee njia. Niliwaongezea ujira. Walitazama chini. Mmoja akasema, "Tajiri, anza wewe, sisi tutakufuata." Wenzake wakakohoa ili wasicheke.

Nikapanda mteremko kumtafuta mchoraji. Nilimkuta Kitangari, ukutani mwa shule, anachora kobe.

"Mtani, umeweka unga kwenye miti yangu."

"Miti yako tangu lini? Uliipanda ukiwa na meno mangapi?"

"Nakuuliza, ni unga au si unga?"

Akashuka kwenye kigoda. Kwa mara ya kwanza alisema bila utani. "Mimi ni mjukuu wa mwalimu wa misheni. Sijatambika maishani mwangu. Ni udongo mtupu, nimeuchimba mwenyewe. Nilipaka ili anayekuja na shoka aone kwanza sura ya mtu, aone aibu kidogo. Kama huna aibu, kata."

"Utaniapia?"

"Nikuapie kwani nimekuibia? Kama huamini, kalambe."

Basi. Neno hilo nilirudi nalo Masasi nikilifurahia njia nzima. Nilijua mwanamke yule ni mchafu lakini si mwongo. Kama ni udongo, ni udongo, na mimi nitawaonyesha.

Kesho yake niliwahi alfajiri, saa ambayo wanawake wa uwandani wanashuka kuchota. Nilitaka mashahidi. Walikuwa kama thelathini, ndoo zimepangwa foleni kwenye chemchemi, na vijana wangu wanane wamesimama kando. Nikavua kofia, nikatoa hotuba. Niliwaambia wanaogopa chokaa. Niliwaambia mimi nimekula na majini na sijaumwa tumbo. Nikapiga magoti kwenye mvule mkubwa kuliko yote, mnyapara akasema polepole, "Tajiri, juu huko, lamba juu," nikadhani ananidharau. Nikainama chini kabisa penye lundo jeupe, nikatoa ulimi wote, nikalamba kama ng'ombe anavyolamba chumvi.

Ulikuwa unga.

Unga wa muhogo. Kinywa hakidanganyi, nimeula tangu sijaota meno. Lakini huu ulikuwa umelala nje siku nyingi, umelowa umande, umekauka, umelowa tena. Ulikuwa umechacha na kufanya utando. Ulikuwa na siafu. Ulikuwa na kitu laini kilichopasuka kati ya ulimi na meno ya juu, na sijawahi kujua ni kitu gani. Ladha ilikuwa ya uchungu kwanza, halafu tamu, na ule utamu ndio ulionitapisha. Nilitapika pale pale, juu ya mizizi, na nilipoona nimetapika juu ya mizizi nikajaribu kujizuia, yakatokea puani.

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Aliyekuwa anachota alisimamisha kata yake hewani.

Bibi mmoja mfupi akaja mpaka nilipo. Nikamwamkia, sijui kwa nini, nikiwa bado nimepiga magoti na mate yananing'inia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekula."

"Ni udongo, bibi. Mchoraji mwenyewe kaniambia."

"Udongo ni wake. Sisi tulikuja tukakuta miti myeupe, tukasema wenye bonde wameanza tambiko, haifai kupita mikono mitupu. Kila mwenye shida akaacha chake." Akanyoosha kidole kwenye alama ya ulimi wangu. "Huo wa hapo ni wangu. Wa mjukuu wangu, kalazwa Mkomaindo siku ya tisa."

Pale Mkomaindo, katika vyumba vyangu, nilikuwa nimewatoza watu kama yeye nusu kitanda kwa bei ya kitanda kizima, na sikuwahi kuona haya. Lakini unga ule ulikuwa bado kwenye fizi. Nilihisi ninamtafuna mtoto wa mtu.

Vijana wangu hawakudai hata posho ya siku ile. Waliokota misumeno wakapanda. Lori likarudi tupu.

Habari ilinitangulia nyumbani. Sijui ilipitia wapi, maana mimi nilikuwa na lori na habari haina hata baiskeli. Kwenye kona ya soko mpika ming'oko, mizizi ya porini, aliniuliza kwa sauti ya upole kama ninataka ya kuchemsha au yenye unga. Nilicheka pamoja na waliosikia, nikadhani ni ya siku mbili. Msimu ukafunguliwa. Nikapeleka mizani Chilangala, nilikozaliwa, kwa watu walionijua nikiwa na kaptula iliyotoboka. Hawakunitukana. Walisema tu korosho bado hazijakauka, na nyuma yao magunia yameshonwa tayari. Mzee mmoja alikuwa mkweli zaidi: "Baba, nikipokea fedha kutoka mkono uliokula sadaka ya watu, fedha hiyo itakaa?" Nikaenda kijiji kingine, nako nikakuta korosho bado hazijakauka.

Niliwachukia. Nilichukia upole wao kuliko matusi. Nilichukia uraka waliokuwa wanakunywa vibarazani, harufu ya mabibo yaliyochacha, maana ilinirudishia ladha ile. Mke wangu mwenyewe alianza kuniwekea kikombe changu peke yake. Nilipomwuliza akasema, "Ni kwa ajili ya watoto tu." Nilisugua ulimi kwa sabuni ya kipande mpaka ukatoa damu, na bado nikiamka asubuhi ninachokimeza kwanza ni unga.

Nikaenda kwa mjomba wangu, kaka wa mama, ndiye mkubwa wa ukoo wetu. Mtu wa msikitini, hana habari na mizimu. Nilitegemea atasema ni upuuzi.

"Si habari ya mizimu," akasema. "Umekula cha watu walichoweka kwa machozi, ukakitapika mbele yao. Mtu akifanya hivyo anasafishwa. Na anayekusafisha ni mtani."

"Watani tunao wengi, mjomba. Nitatafuta mmoja wa Lukuledi."

"Mtani wa jambo hili ni yule aliyekuwepo lilipoanza. Unamjua. Usinisumbue."

Kwa hiyo nilipanda tena kwa mwanamke yule. Nilimkuta kwake, anatafuna makaa. Aliponiona alitema, akajifuta mdomo kwa kiganja, na siwezi kusema alifurahi. Alionekana mchovu.

"Nilikwambia ni udongo," akasema, "na ulikuwa udongo. Sikujua wataongeza. Nimesikia habari nikaenda kanisani kuungama, na kosa langu bado sijalijua."

"Na mimi nimekuja kusafishwa. Taja."

Akataja. Mbuzi mmoja, wa kuliwa na wanawake wa chemchemi, si na watu wa ukoo. Kaniki moja. Unga mpya, gunia zima, kila aliyepoteza chake arudishiwe. Makopo manne ya rangi ya mafuta ya dukani.

"Rangi ya nini?"

"Udongo wangu unafanana na unga. Rangi ya dukani haifanani na chakula cha mtu. Sitaki mjinga mwingine alambe."

"Basi?"

"Na kibali."

Nilisimama kuondoka. Nilifika mpaka kwenye mkorosho wa mwisho wa uwanja wake. Nilikuwa bado na wiki tatu kabla ya mvua, ningeweza kuleta wakataji wa mbali, wasiojua unga wala utani, na hilo nilikuwa nimeshalipigia hesabu usiku na mchana. Mbao zingeuzwa. Lakini korosho za nani ningenunua kwa fedha hiyo, na nani angelala katika vyumba vyangu? Na ningekunywa chai kwenye kikombe cha peke yangu mpaka lini? Nikarudi.

"Uchukue," nikasema.

Walinisafisha asubuhi, pale pale. Mchoraji alinifunga ile kaniki kiunoni juu ya suruali yangu nzuri, akanipaka unga mkavu usoni kwa mikono yake yenye kucha nyeusi, masikioni, ndani ya pua. Kila alipopaka alinitukana, kama mtani anavyopaswa, na wanawake walijibu kwa vigelegele. Aliniita tumbo la makaburi. Aliniita bata wa sadaka. Halafu akasema fungua kinywa, akachota maji kwa kiganja kile kile kinachofuta mate ya makaa, akaninywesha. Nikaisikia ladha ya makaa. Nikameza. Kibali alikipasua vipande, akavitia kwenye kifuu chake cha rangi, na nilivyomjua, nadhani alikwenda kuvitwanga avichoree kitu.

Yule bibi mfupi alipokea unga wake katika pindo la khanga, akaupima kwa mkono. "Mtoto karudi nyumbani jana," akaniambia. "Anakula." Hakusema ni kwa nini amepona, nami sikuuliza. Nilipanda mteremko nikiwa na unga kwenye kope, na wanawake mbele yangu wenye ndoo walikuwa wepesi kuliko mimi mwenye mikono mitupu.

Wiki ile ile Chilangala waliniambia korosho zimekauka. Nilikuta nusu ya msimu imekwisha na mtaji ni wa kuokoteza, lakini sikurudi kwenye baiskeli. Mivule iko pale mpaka leo, yote kumi na mmoja, na wale wanawake wa rangi ya mafuta wanatazama upande ule ule. Watu wa mradi huja na kamera kuwapiga picha, wanasema maji hayajapungua. Nikipita kule nageuza uso. Nikiona weupe wowote gomeni mwa mti, hata wa kinyesi cha ndege, mate yananijaa.

Kibali na vilivyofuatana nacho, ujira wa vijana wanane wa siku ya kwanza, dizeli ya lori lililorudi tupu, mbuzi, kaniki, gunia la unga, makopo manne ya rangi, na kile kipande cha sabuni cha kusugulia ulimi: shilingi laki moja, elfu tisini na mbili, mia nne na hamsini.